Kimya cha Vipimo Viwili

Uvumi ule ulimfikia Tiril saa ya chakula, mkate wake wa jibini la kahawia ukiwa bado mdomoni. Shuleni kwao Skarvik kila siku huwa hivyo: kengele inalia, watoto wanafungua mikate waliyofungiwa nyumbani, na kwa muda hakisikiki kitu ila karatasi zikikwaruza na meno yakitafuna. Sunniva, mpiga filimbi wa bendi ya shule, alisogeza kiti chake karibu na kumnong'oneza.

"Usinitaje mimi. Nimesikia mwaka huu hupigi ngoma. Siku ya gwaride utakaa kwenye gari."

"Gari gani?"

"Lile la zamani lisilo na paa, linalobeba wazee. Eti utapewa bendera upunge."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani, Sunniva?"

"We unataka majina? Watu ni watu. Mimi nakwambia tu kwa sababu ni rafiki yako."

Tiril alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwahi kuona tangu azaliwe. Alipiga ngoma ndogo, ile yenye nyaya chini yake, ambayo sauti yake ni kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati. Mei kumi na saba, siku ya taifa, watoto wa shule hupita mitaani na bendi mbele yao, na hatua za watoto wote hufuata ngoma hiyo. Mwaka uliopita aliipiga mwenzake mkubwa. Mwaka huu zamu ilikuwa yake.

Alijaribu kuyatupa maneno ya Sunniva, lakini yalimganda kama lile jibini kwenye kaakaa. Katika somo la hesabu alijiona garini, katikati ya wazee wawili wenye blanketi magotini, ngoma ikilia mbele huko, mtu mwingine akiipiga. Aliulizwa jibu la saba mara nane, akasema hakusikia swali.

Nyumbani, mama yake alikuwa mezani kwa mashine. Mama huyo, Solfrid, alifanya kazi ya kufua nguo katika nyumba ya wazee. Jioni aliigeuza meza ya jikoni kuwa kiwanda. Mashine ya nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, ina vitufe sita tu na karatasi nene kama kadi, na kila kinapobonyezwa kitufe nukta moja inachomoza. Hakuna aliyemfundisha mama huyo muziki shuleni. Alijifunza kwa sababu binti yake alitaka ngoma na shule haikuwa na mtu wa kuiandika.

Kazi yenyewe si rahisi kama wengi wanavyodhani. Katika nukta nundu ngoma hazina alama zao. Huazima alama za sauti za kawaida, na anayeandika huamua mwenyewe: sol itakuwa ngoma ndogo, do itakuwa ngoma kubwa, la itakuwa matoazi. Mapatano hayo huandikwa juu kabisa ya ukurasa. Tena alama moja inaweza kusimama kwa pigo refu au kwa pigo fupi sana, na hutajua ni lipi mpaka uhesabu kipimo chote, yaani lile fungu la mapigo mawili ya gwaride. Zaidi ya yote, mpiga ngoma hawezi kusoma huku akipiga, kwa kuwa vidole vinavyosoma ndivyo vinavyoshika vijiti. Lazima aihifadhi kichwani kwanza.

Kwa hiyo nyumbani kwao kulikuwa na desturi. Ukurasa ukitoka mashineni, Tiril aliusoma kwa vidole kwa sauti, na mama alifuata kwa penseli kwenye karatasi ya wino, ile ya wenye kuona. Desturi hiyo waliiita kurudisha. Mama alikuwa akisema ukurasa usiorudishwa ni chakula kisichoonjwa.

"Umerudi?" mama aliuliza. "Nawa mikono. Gaute kaleta wimbo wake. Kautunga mwenyewe safari hii, una mambo mengi."

Gaute alikuwa mwalimu wa bendi. Wimbo mpya maana yake haukuwepo kwenye simu ya mtu yeyote, wala redioni.

"Mama, Gaute kasema lolote juu yangu?"

"Kasema uujue kwa moyo kabla ya Alhamisi. Kwa nini?"

"Basi tu."

Hakumwambia mama yake uvumi ule. Alijua akimwambia, mama hatalala. Mama yule alikuwa mtu wa kuwaza. Mvua ikinyesha aliwaza mafuriko, jua likiwaka aliwaza moto.

Kesho yake kurasa zilikuwa tayari, nne, zimefungwa kwa uzi. Tiril alizichukua chumbani kwake, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma yale mapatano ya juu, kisha akasita. Alipiga hesabu. Ukurasa mmoja ulimchukua siku mbili kuuhifadhi, na Alhamisi ilikuwa mlangoni. Akifika kwenye mazoezi anababaika, watasema si mnaona, mpelekeni garini. Alizisukuma kurasa chini ya mto, akavaa koti, akaenda kwa Brage.

Brage alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alipiga ngoma kubwa, na maneno yake yalikuwa makubwa vilevile.

"Unataka nini, bibi ngoma?"

"Nipigie sehemu yangu, nirekodi kwenye simu. Karatasi ya wino unayo?"

"Ninayo. Lakini si mama yako anakuandikia?"

"Anaandika. Nataka tu kusikia inavyokaa."

"Utanilipa nini?"

"Sitamwambia Gaute kwamba ndiwe uliyetoboa ngozi ya ngoma ya akiba."

"Mchawi wewe," alisema Brage, akachukua vijiti.

Aliupiga wimbo wote juu ya kiti cha mbao, mwanzo hadi mwisho, akihema. Tiril alikuwa na sikio kali. Alioga anasikiliza, alikula anasikiliza. Jioni ya pili wimbo ulikuwa kichwani mwake kama jina lake.

"Turudishe?" mama aliuliza baada ya chakula. Alikuwa ametoka kazini, na alipokaa kiti kililia.

"Nimeshazisoma mwenyewe, Mama. Ziko sawa zote."

"Zote? Hata ukurasa wa tatu? Pale paliniumiza kichwa."

"Zote."

"Mungu mkubwa," mama alisema, na Tiril alimsikia akivua viatu, kimoja kisha kingine, akaacha miguu ipumue. "Basi umekua."

Alhamisi bendi ilikutana katika ukumbi wa michezo. Walijipanga kama watakavyotembea: filimbi mbele, tarumbeta nyuma, ngoma kati yao. Kamba fupi ilitoka mkanda wa Brage hadi mkanda wa Tiril, ili wasipoteane kwenye kona. Gaute alipiga makofi.

"Sikilizeni. Katikati ya wimbo wote mnanyamaza. Vipimo viwili. Nataka mji usikie viatu vyenu, basi. Halafu ngoma ndogo inaingia peke yake, na sisi wote tunaifuata. Ngoma ndiyo miguu ya bendi. Tiril, uko tayari?"

"Niko tayari."

Walianza. Ulikwenda vizuri kiasi kwamba Tiril alisahau gari la wazee kabisa. Vijiti vilimrukia mkononi. Tarumbeta zilipanda, zikashuka, zikanyamaza. Viatu vikasikika. Tiril akaingia.

Kilichofuata kilikuwa kama kapu la sahani lililoanguka. Nusu ya filimbi ziliingia naye, nusu zikabaki. Tarumbeta moja ililia kama ndama. Mtu akacheka.

"Simama, simama," alisema Gaute. "Nani kanywa kahawa ya mwenzake? Tiril, umewahi. Tena."

Walirudia. Tiril aliingia palepale, kwa uhakika uleule, na kapu likaanguka tena. Mara ya tatu mpiga tarumbeta mmoja alisema, "Anapiga kama anakimbizwa na nyuki," na ukumbi ukacheka wote. Brage hakucheka. Alikohoa.

Gaute alikuja akasimama karibu. Aliongea kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kucheka.

"Nukta zako zinasemaje hapo? Vipimo vingapi vya kimya?"

Tiril hakujua zinasemaje. Ukurasa wa tatu hakuwahi kuufungua. Alichojua ni mapigo ya Brage juu ya kiti.

"Kimoja," alisema.

"Kimoja?"

"Zinasema kimoja."

"Aa," alisema Gaute. "Basi si kosa lako. Mama yako kateleza. Ni kazi ngumu ile, mimi mwenyewe nisingeiweza. Nitampigia."

Njiani Brage alivuta ile kamba, maana walisahau kuifungua.

"Tiril. Mimi nilipiga kimoja, sivyo? Pale kitini."

"Sijui."

"Nikiwa na bendi namtazama Gaute mkononi, ndiyo maana sikosei. Nikiwa peke yangu sihesabu kimya. Kimya kinaniwasha, nakiruka tu. Sasa umesema ni mama yako?"

"Fungua kamba, Brage."

Gaute alipiga simu kabla hawajamaliza kula. Tiril alikaa na uma mkononi, kiazi kimoja kikipoa, akimsikiliza mama yake upande mmoja wa mazungumzo.

"Ndiyo... Ndiyo, ukurasa wa tatu... Hapana, Gaute, usiseme hivyo. Kosa ni langu. Nilikuwa nimechoka siku ile... Ndiyo. Naelewa. Kama kuna mtu mwenye ujuzi zaidi, mimi sina kinyongo. Mtoto asiharibikiwe kwa ajili yangu."

Alikata simu. Hakurudi mezani. Tiril alimsikia akifungua kabati, akitoa lile sanduku la mashine, akiweka mashine ndani yake na kubana vifungo. Sanduku lile lilipelekwa mlangoni, mahali pa vitu vya kuazima vinavyosubiri kurudishwa kwa wenyewe.

"Unafanya nini, Mama?"

"Wanajua watu mjini Oslo wanaofanya kazi hii kwa mshahara. Watu waliosomea. Mimi nimesomea nini? Nilikuwa najiona najua." Alivuta pumzi. "Niletee kurasa zako. Nataka nione nilipokosea, angalau nijue."

Tiril alizitoa chini ya mto. Mama aliuweka ukurasa wa tatu kando ya karatasi ya wino, akatazama. Akatazama tena. Penseli ilikwenda, ikarudi, ikasimama.

"Mimi naona viwili," alisema taratibu. "Alama mbili za kimya, zimekaa bega kwa bega. Naziona. Au macho yangu nayo yamekwisha? Nisomee, Tiril. Wewe ndiye mwenye vidole."

Tiril aliweka kidole. Hakuwa na pa kwenda. Nukta zilimkwaruza, kali kama makombo ya kioo. Alianza kusoma, na alisoma kama mtu anayepita kwenye nyumba ngeni gizani, akigonga kila samani. Mahali fulani alirudi nyuma kuhesabu kipimo upya. Mahali pengine alidhani pigo ni refu kumbe ni fupi. Mama hakumsaidia.

Alifika penye kimya. Alama ya kwanza. Kidole kikasogea. Alama ya pili.

"Vipo viwili," alisema.

Mama alinyoosha mkono, akapitisha kidole gumba chake juu ya mstari, kisha juu ya ukurasa mzima. Alikuwa ameandika kurasa nyingi kwa miaka mingi na alijua kitu kimoja: ukurasa uliohifadhiwa kichwani hulala. Vidole huusugua, mafuta ya mkono huulainisha, nukta zinapoteza makali. Huu ulikuwa mkali kama siku ulipotoka mashineni.

Mama yule alipokasirika sauti haikupanda. Ilipungua.

"Hujawahi kuusoma."

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Mstari wa kwanza. Wa kwanza tu, ule wa mapatano. Brage alinipigia, nikarekodi."

"Na Gaute alipokuuliza mbele ya watu nukta zinasemaje, ulimjibu nini?"

Tiril aliondoa kidole kwenye ukurasa.

"Nilisema zinasema kimoja."

Nje, gari la manispaa lilikuwa likifagia kokoto zilizomwagwa barabarani wakati wa theluji ili watu wasiteleze, likienda na kurudi. Mama alisubiri lipite.

"Mimi nimemwambia mtu mzima kosa ni langu," alisema. "Nimeifunga mashine. Nimejiambia mimi mjinga. Wewe ulikuwa umekaa hapo, una uma mkononi."

"Nilitaka kusema."

"Ulitaka lini?"

Tiril alilia, lakini mama hakumkumbatia mara moja. Alimwacha alie hadi alipoanza kueleza, na maelezo yakatoka kama uzi: Sunniva, gari la wazee, bendera ya kupunga, watu wamesema, Alhamisi iko karibu, kusoma kunachelewa. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia habari ya gari."

"Ungewaza usiku kucha."

"Ningewaza, ndiyo. Kuwaza ni kazi yangu. Kazi yako ilikuwa kusoma." Hapo ndipo aliposogeza kiti na kumshika bega. "Kesho utakwenda kwa Gaute mwenyewe. Sitakupeleka na sitampigia. Utamwambia nukta zilisema nini na wewe ulisema nini."

"Atanitoa kwenye ngoma."

"Huenda."

"Mama!"

"Huenda, nimesema. Siwezi kukuahidi kitu kisicho changu."

Ijumaa asubuhi Tiril alifuata ukuta wa ukumbi kwa fimbo yake nyeupe hadi kwenye chumba cha vyombo. Gaute alikuwa akipaka mafuta vifungo vya tarumbeta. Alisalimia kwa furaha, na Tiril akasema yote kwa pumzi moja, ili asipate nafasi ya kupunguza.

Gaute aliweka tarumbeta chini.

"Na gari hili la wazee, nani kakwambia?"

"Watu."

"Gari lile safari hii ni kwa ajili ya bibi yake Sunniva. Kavunjika nyonga, hawezi kutembea, tumemwekea nafasi. Hakuna aliyetaja jina lako, watu wamesikia nafasi imewekwa garini wakalijaza wenyewe. Ungeniuliza ningekujibu kwa dakika moja."

Wiki nzima Tiril alikuwa amekimbia mbele ya kitu ambacho hakikuwepo.

"Lakini kuna kitu kingine kipo," Gaute aliendelea. "Umenifanya nimwambie mama yako amekosea. Nitamwomba radhi leo, hiyo ni juu yangu. Kuhusu ngoma: siwezi kuipeleka bendi barabarani nyuma ya mtu ambaye sijui kama anajua au anabahatisha. Jumatano ni mazoezi ya mwisho, nje, barabarani. Utaupiga mbele ya wote, kama ulivyoandikwa kwenye kurasa za mama yako. Ukikwama, Brage atachukua ngoma ndogo, na wewe utapiga matoazi nyuma. Ni haki?"

"Ni haki," alisema Tiril.

Mlangoni alikutana na Brage, aliyekuwa ametega sikio bila hata kujificha.

"Mimi sitaki ngoma yako," Brage alisema haraka. "Usije ukadhani nilipiga vibaya makusudi."

"Sidhani. Ulipiga tu bila kuhesabu."

"Nani anahesabu kimya?"

"Mimi. Kuanzia leo."

Brage alifikiri. "Basi nihesabie na mimi," alisema. "Maana Gaute akipiga chafya siku hiyo, bendi nzima imekwisha."

Siku zilizofuata Tiril alikaa na kurasa zile. Hakutumia simu. Mkono wa kushoto ulisoma na wa kulia ukagonga goti, kisha mikono ikabadilishana, kipimo kimoja baada ya kingine, mpaka goti lote likawa jekundu na mama akampa mto wa kuweka juu yake. Palikuwa na alama ya kurudia aliyoisahau, na palikuwa na mtetemo wa vijiti, mapigo ya haraka yasiyokatika, ambao Brage aliufupisha kwa kuchoka tu. Kila alipofika penye tofauti aligundua kwamba alichokuwa nacho kichwani hakikuwa wimbo wa Gaute. Kilikuwa uchovu wa Brage, haraka ya Brage na kiti cha Brage. Kukifuta ilikuwa kazi kubwa kuliko kuandika kipya. Mkono ulitaka kuingia mapema, akaukataza, ukataka tena.

Kila jioni, kabla ya kulala, walirudisha ukurasa mmoja. Mama alikuwa na penseli yake. Alikuwa ameitoa mashine sandukuni bila kusema neno, na sanduku tupu akalitia viazi.

"Ukurasa wa pili, kipimo cha tisa, umeandika la," alisema Tiril jioni moja. "La ni matoazi. Mimi sina matoazi."

Mama alitazama wino. "Ni sol. Hapo kweli nimekosea." Alikwaruza nukta kwa ukucha na kuiandika upya. "Unaona? Makosa yangu yapo. Lakini hayaonekani mpaka mtu asome."

Jumatano kulikuwa na upepo kutoka baharini na harufu ya majani mapya ya mti wa betula. Bendi ilijipanga barabarani mbele ya shule. Akina mama kadhaa walisimama pembeni na vikombe vya kahawa, na Tiril alimtambua wake kwa jinsi alivyokuwa akifungua na kufunga zipu ya koti. Maneno ya kwamba leo Tiril anapimwa yalikuwa yameshafika kila mahali. Katika mji ule hakuna kinachotembea taratibu isipokuwa gwaride.

"Nikivuta kamba maana yake kona," alinong'ona Brage. "Nikivuta mara mbili, mavi ya farasi."

"Nyamaza, nahesabu."

"Hatujaanza!"

"Najihesabu mwenyewe."

Gaute aliita. Vijiti vilishuka. Walishuka mteremko, wakapita duka la mikate, wakakata kona kuelekea bandarini, akina mama wakiwafuata pembeni. Tarumbeta zilipanda, zikashuka. Ukaja mwisho wa mtetemo, mrefu kama ulivyoandikwa, na bendi yote ikanyamaza.

Viatu. Moja, mbili. Hapo ndipo alipokuwa akiingia. Mkono wa kulia ulijua, uliruka, na kijiti kikafika unyoya mmoja juu ya ngozi. Tiril akakizuia hapo. Kimya kiliendelea. Kilikuwa kirefu kiasi kwamba aliwaza huenda wenzake wameshaingia yeye akiwa kiziwi, huenda nukta zote ni uongo, huenda Gaute ameshusha mkono na wote wanamtazama. Hakuna aliyemsaidia. Hata zipu ya mama ilikuwa imesimama. Tatu, nne.

Akaingia.

Ngoma ilitoka peke yake, safi, na filimbi zote zikaingia nyuma yake kwa pamoja kama mlango unaofungwa na mtu mwenye adabu. Brage alipiga ngoma kubwa kwa nguvu hata kamba ikatikisika. Walikwenda mpaka bandarini, wakageuka, wakarudi.

"Je?" Gaute aliuliza walipofika, akihema, maana alikuwa ametembea kinyumenyume njia nzima.

"Kwenye kona ya duka nilichelewa kidogo," Tiril alisema. "Kipimo kimoja hivi sikuwa na uhakika nacho."

"Nilisikia. Nilitaka nione kama utasema." Akagonga ubao wa ngoma ya Tiril kwa kidole. "Ngoma ni yako."

Siku ya taifa ilikuja na jua na baridi pamoja, kama kawaida yake. Gwaride lilipita. Penye kimya kile watu walionyamaza kando ya barabara walisikia viatu vya watoto, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Ngoma zimeharibika?" kabla ngoma haijamjibu. Baada ya hapo watoto walikula soseji na aiskrimu mpaka wakaumwa matumbo.

Gaute alimwomba mama yake Tiril aje kusema machache kwa watoto wapya watakaoanza bendi msimu wa majani kupukutika, na kwa wazazi wao. Mama alikataa kusimama mbele za watu. Alisema yeye ni wa kufua, si wa kuhutubu. Badala yake aliandika kwa nukta, Tiril akasoma kwa sauti ukumbini, vidole vyake vikienda mbele ya maneno. Mambo ya kuepuka yalikuwa haya:

Usiseme umesoma kama hujasoma. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe ndiwe utakayefika mwisho wake.

Usijifunze kwa kumsikiliza mtu mmoja tu. Utachukua wimbo pamoja na makosa yake, na makosa hukaa kichwani kuliko wimbo.

Ukiulizwa imeandikwaje, usibahatishe. Sema, "Ngoja nitazame."

Ukisikia neno juu yako, usilikimbie na usilifuge. Mwulize anayehusika.

Usiruke kimya. Kimya nacho kimeandikwa.

Mzazi, usione haya kusema "nisomee", hata kama umechoka na mtoto amekuwa mkubwa. Mimi niliacha siku moja tu.

Usile aiskrimu umevaa sare. Mnajua nani anazifua.

Na kama kosa ni lako, usikae kimya wakati mtu mwingine anasema ni lake.